Mlango wa Chumba cha Manda

9 Juni

Vyura wa kwenye majaruba hawanyamazi, maana yake maji ya mpunga yamejaa na kiangazi kimeanza, hata kalenda iseme nini. Leo basi la kwanza la wageni lilisimama mbele ya nyumba ya Bi Leocádia. Mimi nilikuwa tayari mahali pangu, kando ya meza ya kuonjea, nimevaa koti la kitani ambalo marehemu mke wangu alininunulia mjini Coimbra.

Kazi hii hainilipi, wala sikuomba inilipe. Nilifundisha historia katika shule ya mji huu mpaka nikastaafu, na tangu hapo kila kiangazi huwaeleza wageni wanachokula. Bi Leocádia na mpwa wake Zulmira wanatengeneza, mimi naeleza. Naeleza kwamba vifuko vyetu, vitafunio vitamu vya mji huu, vilizaliwa katika nyumba ya watawa iliyo nyuma ya kanisa. Kwamba watawa walitumia ute wa mayai kukazia vitambaa vyao vya kichwani, wakabaki na mabeseni ya viini, na penye viini vingi na sukari ya kutosha lazima kitu kizaliwe. Naeleza manda: unga na maji tu, bila mafuta, bila hamira. Donge huwekwa juu ya shuka jeupe sakafuni, wanawake wakalizunguka pekupeku wakivuta kingo zake, mpaka linaenea chumba kizima, jembamba kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililo chini yake. Kisha hukatwa, hukunjwa juu ya rojo la viini na shira, huokwa, na mgeni akiuma husikia kama amekanyaga majani makavu. Upepo ukiingia kabla ya hapo, kazi imekwisha. Ndiyo maana chumba kile hufungwa mlango na madirisha, na wageni huchungulia kwenye kioo kidogo ukutani.

Na naeleza sheria ya nyumba: hakuna mwanamume anayeingia mle manda ikiwa sakafuni. Marehemu mama yake Bi Leocádia aliniambia mwenyewe, siku nilipogonga mara ya kwanza. Wageni hupenda sana kusikia hilo. Mimi pia nimelizoea. Kukatazwa pamoja na wanaume wote duniani hakuumizi.

Jioni Bi Leocádia huniwekea kifuko kimoja na kikombe cha kahawa, akaketi mbele yangu kidogo, akasema, "Leo umeongea sana, Mwalimu." Nami husema, "Wageni walikuwa wengi." Mazungumzo yetu ndiyo hayo. Yamenitosha tangu aingie eda na mimi niingie yangu.

12 Juni

Ukungu mpaka saa tano. Wageni wachache, wote Wadachi, wote warefu.

13 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Antoni. Belmiro Serrano amerudi.

Belmiro ni wa hapa hapa, mtoto wa mlinda daraja. Akiwa kijana alipika katika meli zilizokwenda kuvua chewa kule kwenye barafu, kisha akahamia Luxembourg akapika huko mpaka nywele zikamwisha. Mkewe amefariki. Alikuwa akija kila Agosti kama wahamiaji wote, na gari kubwa na chokoleti, kisha huyo, ameondoka. Safari hii amekuja Juni, na amekuja na jokofu.

"Mtu akija na jokofu haondoki," alisema Zulmira.

Aliingia bila kugonga, akambusu Bi Leocádia mashavu yote mawili, akasema, "Cádia, bado unanuka sukari." Jina hilo halijatamkwa katika nyumba ile tangu mumewe azikwe. Nilingoja amkemee. Alicheka tu, akaenda kumtafutia kikombe.

16 Juni

Joto. Wageni kutoka Braga. Nilieleza vizuri.

20 Juni

Belmiro amekalia kiti changu. Kwa haki, hakikuandikwa jina.

24 Juni

Mtakatifu Yohane. Moshi wa samaki mji mzima. Bi Leocádia aliwatandikia wageni meza ndefu barabarani: samaki wa kuchoma juu ya vipande vya mkate wa mahindi, supu ya majani mabichi, mvinyo wa kikombe cha udongo. Nilisimama nikaanza kueleza habari ya ng'onda, jambo ambalo wageni huliuliza sana: iweje taifa lenye bahari iliyojaa samaki liende mpaka kwenye barafu kufuata samaki mwingine, limkaushe kwa chumvi, kisha limpende kuliko wake wote. Nikasema kila familia ya kwetu ina upishi wa ng'onda kwa kila siku ya mwaka.

Belmiro alikuwa akipepea makaa. Hakuinua hata kichwa.

"Mwalimu, mimi nimempika huyo samaki maisha yangu yote. Najua namna mbili tu. Na viazi, na viazi zaidi."

Meza nzima ilicheka. Nikangoja wanyamaze, nikaendelea na watawa na ute wa mayai, kwa sababu huko hakuna wa kunishinda.

"Hilo nalo unaliamini?" akauliza.

"Si jambo la kuamini, Bwana Belmiro. Ni historia."

"Mimi naona walikuwa wasichana waliofungiwa ndani, wakatamani kitu kitamu. Ningekuwa mimi ningekula viini, na ute, na kuku mwenyewe."

Bi Leocádia alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Miaka yote nimeeleza habari ya ute mbele yake, sikujua kwamba ilikuwa na mahali pa kuchekea.

27 Juni

Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi tofauti hii: kijicho ni kutamani cha mwenzio, wivu ni kuogopa kunyang'anywa chako. Leo nimeifikiria njia nzima nikirudi nyumbani. Nina wivu. Sasa nionyeshe kilicho changu.

2 Julai

Belmiro ameanza kuwapikia wageni chakula cha mchana. Leo ilikuwa nyama ya mbuzi mkongwe iliyolala ndani ya mvinyo mwekundu, kwenye chungu cheusi, ndani ya joko la mikate tangu jana. Watu hula kwanza, kisha ndipo huja kwenye meza yangu wakiwa wameshiba, macho mazito, wanapiga miayo mbele ya watawa wangu wa karne ya kumi na sita.

Niliionja ile nyama ili nipate haki ya kuilaumu. Nikamaliza sahani.

8 Julai

Nitaandika polepole, maana nikiandika upesi nitaandika nisiyoyataka.

Kwetu wali wa maziwa humwagwa kwenye sinia, na ukishaganda hupambwa kwa mdalasini unaodondoshwa kwa ncha za vidole: mistari, maua, mioyo, na kwenye harusi herufi za majina. Leo kulikuwa na masinia sita kwa wageni. Matano yalikuwa na mistari. La sita lilikuwa na L, kubwa, yenye mkia uliopinda kama mkia wa paka anayejipendekeza.

Mama mmoja kutoka Porto aliniuliza L ni ya nini. Nilimwambia ni alama ya nyumba.

"Nyumba inaitwa nani?"

"Leocádia."

"Aa," akasema, akamtazama Belmiro, akamtazama Bi Leocádia, akatabasamu vile wanawake wanavyotabasamu kanisani ndoa zikitangazwa. Nilikata sinia lile mimi mwenyewe, nikaanzia kwenye mkia.

9 Julai

Nimelala vibaya. Wali wa maziwa ni mzito.

15 Julai

Upepo wa bara umeanza kuvuma kutoka mashariki. Ni upepo mkavu, unapasua midomo na manda. Ule wa baharini huja na unyevu, manda ikanata. Huu wa bara huikausha kingo kabla katikati haijatanuka. Zulmira ana hasira siku nzima. Anasema hata nikikohoa mtaa wa pili anasikia inapasuka.

19 Julai

Belmiro amemletea Bi Leocádia feni. Nyumba ambayo upepo ni adui, yeye kaleta feni. Nilitazama nione watakavyomcheka. Bi Leocádia ameiweka chumbani mwake.

26 Julai

Zulmira alinikuta nikipanga visahani.

"Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Bwana Belmiro kamposa shangazi. Jana, baada ya misa, pale pale mlangoni, watu wakipita. Hakuogopa hata kidogo."

Nilipanga kisahani kimoja, kisha kingine juu yake.

"Na shangazi yako amejibu nini?"

"Amesema mpunga uvunwe kwanza. Hawezi kufikiri nyumba ikiwa na wageni."

"Hilo ni jibu la busara."

"Si jibu, Mwalimu. Ndiyo maana nimekuja kukuambia." Akanitazama kama ninavyotazamwa na daktari wa macho. "Wewe huna la kusema?"

Nilimwambia kwamba zamani katika bonde hili posa zote zilingoja mavuno, kwa sababu mchele ndio uliolisha harusi. Aliondoka kabla sijafika kwenye mahari.

30 Julai

Mpunga umefika magotini. Sijawahi kuutazama kwa makini namna hii, wala kuutakia ukue polepole.

4 Agosti

Wahamiaji wamejaa mjini, magari hayana pa kusimama. Wote wanamjua Belmiro. Wote wanampongeza.

7 Agosti

Jioni hakukuwa na kahawa yangu. Bi Leocádia alisahau. Baadaye alikumbuka akaniletea, na nilikuwa mkavu kwake. "Umechoka, Mwalimu?" "Hapana, Bi." Alisimama kidogo na sinia, kama anayengoja basi, kisha akaenda.

11 Agosti

Upepo wa bara tena. Tarehe kumi na tano ni sikukuu ya Kupalizwa kwa Mama Maria, na tangu enzi za watawa nyumba ile hupeleka kanisani sinia kubwa la vifuko, linalobebwa mbele ya sanamu kwenye maandamano na kugawiwa watu mlangoni. Manda ya sinia hilo hutandazwa peke yake, asubuhi, siku mbili kabla, na huwa nyembamba kuliko zote za mwaka.

13 Agosti

Niliyoyafanya leo nitayaandika kama yalivyokuwa.

Kulikuwa na kundi kubwa la wageni, wengi kutoka Viseu. Joto lilikuwa la kuokea mkate, kwa hiyo mlango wa barabarani ulikuwa wazi. Mimi nilisimama mgongo kwenye kioo, kama kawaida, nikawaeleza manda ya sikukuu, nikawaeleza kimya kinachotakiwa, nikafika kwenye sheria. Nikasema, "Katika karne zote hizi, mabibi na mabwana, hakuna mwanamume aliyekanyaga sakafu ile manda ikiwa chini."

Mama mmoja mwenye kofia ya buluu alikuwa akichungulia juu ya bega langu.

"Na yule ni nani?"

Niligeuka. Belmiro alikuwa ndani. Hakuwa amechungulia tu. Alikuwa pekupeku, suruali imekunjwa, mikono yake mikubwa imeshika ukingo wa manda, na upande wa pili Bi Leocádia ameshika wake. Alikuwa akimwongoza kwa kichwa: kidogo huku, kidogo kule. Walipiga hatua pamoja, wakanyanyua pamoja, wakashusha pamoja, na ile manda kati yao nyeupe na nyembamba. Walionekana kama mtu na mkewe wanatandika kitanda.

"Labda ni mwanamke," akasema mzee mmoja wa Viseu, na watu wakacheka.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kitasa cha mlango wa chumba kile kilivyokuwa baridi siku ya joto vile. Niliufungua wote, kama ninavyofungua wangu, nikasema kwa sauti ya darasani, "Bi Leocádia, wageni wanauliza."

Upepo ulinipita kutoka barabarani. Manda ilijaa hewa katikati, ikainuka taratibu mpaka magotini mwao, nikaona mwanga wa dirisha ndani yake, ikatanda hapo, kisha ikachanika kutoka ukutani mpaka ukutani. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Belmiro alibaki ameshika kipande. Bi Leocádia hakupandisha sauti, hata kunitazama hakunitazama.

"Funga mlango, Mwalimu."

Niliufunga. Nilikuwa nje.

14 Agosti

Sikwenda.

15 Agosti

Maandamano. Sinia lilipita mbele ya sanamu likiwa na mikate ya kawaida, imefunikwa kwa kitambaa cha lesi. Watu waliulizana. Unga wenyewe ulikuwapo, lakini upepo haukutulia, na mikono iliyotakiwa kuanza upya ilikuwa imechoka. Niliandamana nyuma, pamoja na wenye magongo. Belmiro alibeba nguzo moja ya mwavuli wa sanamu. Alinisalimia kwa kichwa, kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

18 Agosti

Sikwenda.

21 Agosti

Nimetembea mpaka kwenye majaruba. Mashuke yameanza kuinama.

22 Agosti

Sikwenda. Nimejipikia ng'onda na viazi. Na viazi zaidi.

26 Agosti

Zulmira alikuja, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji, kofia yangu kichwani mwake. Niliiacha kule siku ile.

"Wageni wanamuuliza mzee aliyekuwa akieleza. Tunawaambia anaumwa."

"Mkono wako una nini?"

"Umeteguka. Asubuhi ya siku ile ile, nikiinua gunia. Ulifikiri Bwana Belmiro aliingia mle kufanya nini? Shangazi alisema, tutapata wapi mtu mwenye mikono mizuri anayeweza kunyamaza? Akaenda kumwita."

Nilimkaribisha kiti. Nilimwambia kwamba nasikitika kuhusu mkono, na kuhusu manda, lakini kwamba sheria ya nyumba ni sheria, na bibi yake mwenyewe—

"Mwalimu, ngoja." Akavua ile kofia. "Sheria gani?"

"Ya wanaume."

"Nani mwingine amewahi kukuambia hiyo sheria? Mbali na bibi?"

Nilifikiri. Sikupata mtu.

"Mpiga picha wa gazeti aliingia, manda ikiwa chini, wewe ukiwa hapo nje unaongea. Fundi umeme aliingia. Mjukuu wa jirani aliingia mpaka akalala pembeni. Bibi alikuambia wewe. Ulipotoka siku ile alisema, 'Huyu mwalimu ni mtu mwema, lakini akiingia humu ataongea, na manda itapasuka. Ndiyo maana nimemwambia wanaume hawaingii.' Nasi hatukukusahihisha."

"Na Bi Leocádia anajua?"

"Sisi sote tunajua. Tulidhani na wewe ulishajua zamani, kwamba unawatania tu wageni."

Alipoondoka niliketi mpaka chai ikapoa. Kumbe wanaume wote duniani walikuwa na ruhusa. Nimemwonea mtu wivu kwa kuingia mlango uliofungwa kwa ajili yangu peke yangu, na nimewahubiria maelfu ya watu fedheha yangu, nikiwa nimevaa koti la kitani.

27 Agosti

Najaribu kukasirika. Marehemu bibi yule aliniona siku moja tu, na hakukosea hata neno.

3 Septemba

Nimekwenda. Nilitayarisha hotuba njiani, yenye utangulizi. Bi Leocádia alikuwa akichekecha sukari ya unga.

"Bi Leocádia, katika mambo ya binadamu kuna nyakati ambapo—"

"Mwalimu, manda ilipasuka. Manda hupasuka. Tumekanda nyingine tangu hapo."

"Basi nisamehe kwa sikukuu."

"Ya sikukuu Mama Maria mwenyewe amekwisha kukusamehe, alikula mkate." Akaendelea kuchekecha. "Kilichoniuma ni kingine. Ulifungua ule mlango kama mwenye nyumba. Miaka yote hii hujawahi kuniambia unataka nini katika nyumba hii, hata kiti hujaomba. Halafu siku moja unafungua mlango kama mwenye nyumba, tena mbele ya watu."

Nilisimama pale, mikono mifukoni, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakisimama. Alinipa chekecheo la pili. Tulichekecha sukari mpaka ikaisha, hakuna aliyesema kitu, na nilitoka pale nikiwa mweupe mpaka kwenye nyusi.

9 Septemba

Mashine za kuvunia zimeingia upande wa chini wa bonde. Vumbi la makapi linafika mpaka kwenye kahawa. Kahawa ipo tena.

12 Septemba

Nilikutana na Belmiro darajani, anatazama wavunaji. Nilimwomba radhi. Akasema kule kwenye meli mtu akifungua mlango wa jiko wakati wa dhoruba walimtupia sufuria, kwa hiyo nimepona kwa bei nafuu. Kisha akasema, akitazama maji, "Na wewe unaungoja huu mpunga, sivyo?"

Nilisema ndiyo. Ni mara ya kwanza nimesema kwa mdomo.

"Basi tunaungoja wawili," akasema. "Angalau wewe una vitabu."

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo nampenda. Simpendi. Ana mabega mazuri kwa umri wake, na alipoondoka alikuwa akipiga mluzi.

17 Septemba

Mvua ndogo. Uvunaji umesimama. Mungu anisamehe, nilifurahi.

21 Septemba

Jua. Wamemaliza.

24 Septemba

Leo mchana Bi Leocádia aliketi kwenye kiti kilicho mbele yangu, na hakuwa na haraka.

"Nimemjibu Belmiro. Nimekataa."

Kikombe changu kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Nilikirudisha.

"Anataka kwenda kukaa karibu na wajukuu zake, Luxembourg, na kuja huku kila Agosti. Nifunge nyumba, niwe mgeni mjini kwangu. Nimemwambia hapana. Ameondoka asubuhi, jokofu kamwachia Zulmira."

"Nasikitika," nikasema.

"Husikitiki." Alichukua kipande cha kifuko changu, akala. "Na sikiliza vizuri. Sikukataa kwa sababu yako. Usije ukawaeleza wageni hivyo."

"Sitawaeleza."

"Julai nilikaribia kukubali. Nakuambia ili ujue. Ni mtu anayeuliza. Umelalaje, Cádia, mgongo unauma, Cádia, ungependa nini kama si hiki. Mtu hujisikia yupo."

Aliinuka akaenda kumfungulia Zulmira. Nimebaki na neno hilo, Julai. Mwezi mzima wa Julai alikuwa akikaribia kukubali, na mimi nilikuwa pale pale, nikieleza.

28 Septemba

Basi la mwisho. Wageni kumi na kidogo, wengi wazee wenzangu, kutoka kusini. Walionja vifuko, walionja wali wa maziwa, walichungulia kwenye kioo. Nilikuwa nimefika kwenye mabeseni ya viini wakati mwanamke mmoja mwenye mkongojo aliponikatiza.

"Bwana, yule bibi wa ndani, kazi hii aliipenda tangu utotoni?"

Swali hilo nina jibu lake. Nimelitoa kiangazi baada ya kiangazi: kwamba Bi Leocádia alizaliwa na unga mikononi, kwamba alisimama kwenye lile shuka kabla hajajua kusoma, na mengine ya namna hiyo, na watu huguswa. Lakini Bi Leocádia alikuwa ametoka, anafuta mikono kwenye aproni, yuko hatua chache kutoka pale. Nikasema, "Mwenyewe huyo. Muulize."

Yule mwanamke akamuuliza.

"Hata," akasema Bi Leocádia. "Nililia mwaka mzima. Nilitaka kuendesha basi."

"Basi?"

"La Coimbra. Lilikuwa la kijani, dereva alikuwa na kofia. Nilimwambia mama, akanichapa na kijiti cha kukandia. Mpaka leo likipita namwangalia dereva anavyokata kona pale kanisani. Wengi hawajui kuikata."

Yule mgeni alicheka, Bi Leocádia akacheka, wakaendelea kuongea habari za kona na breki, vichwa vimesogeleana, na mimi nikasimama kando na kisahani changu nikimwonea wivu bibi mwenye mkongojo ambaye alikuwa mjini kwetu kwa muda wa kahawa moja.

Walipopanda basi lao, Bi Leocádia alibaki mlangoni akilitazama likikata kona. Kisha akageuka.

"Na wewe Mwalimu, huna swali?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa refu, lina utangulizi. Niliuacha utangulizi.

"Jumapili baada ya misa, utakuja kula kwangu?"

Alikunja mikono juu ya aproni.

"Nani atapika?"

"Mimi."

"Basi nitakuja," akasema. "Ila nitakula nyumbani kwanza."